Maswali ya Wasomaji: Mtoto Aliyekosa Watu Hujijuaje?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka mkoa mmoja, Dodoma, zilizoandikwa na watu wasiofahamiana, na zote zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: mtoto akitenganishwa na watu, nini kinautokea ule ufahamu wake kwamba yeye ni fulani, mtoto wa fulani, wa mahali fulani? Nimeamua kuzijibu zote hapa na kuyaacha maswali mengine hadi toleo lijalo. Majina ya watoto na chochote kinachoweza kuwatambulisha nimeviondoa.

SWALI: Mshauri wetu, nakusalimu. Mimi ni bibi wa miaka 67, naishi Mvumi. Mwanangu na mkewe ni watumishi waliohamia Dodoma mjini kutoka Dar es Salaam mwaka 2019, ofisi zao zilipohamishwa. Walipanga nyumba yenye ukuta na geti katika mtaa ambao hawakumjua mtu, na mtoto wao wa kiume alikuwa bado mchanga. Tangu hapo amelelewa na wadada wa kazi wanaobadilika kila baada ya miezi michache, mlango ukifungwa kwa ufunguo asubuhi hadi wazazi warudi jioni, televisheni ikiwaka muda wote. Sasa ana miaka sita na wameniletea akae nami mwezi mmoja. Nikimuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" ananitajia jina la katuni. Akiwa na kiu husema "anataka maji", akimaanisha yeye mwenyewe. Watoto wa jirani wakija anaziba masikio na kukimbilia ndani. Wapo wanaosema amerogwa. Baba yake anasema ataacha akikua. Mimi naogopa kwamba mjukuu wangu hajijui. Je, mtoto anaweza kupotea akiwa ndani ya nyumba ya baba yake? (Bibi, Mvumi)

JIBU: Shikamoo, Mama. Ndiyo, anaweza, na nakushukuru kwa kuliuliza jambo hili wakati mtoto bado ana miaka sita.

Kabla ya mengine yote, mtoto huyu apelekwe kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa, apimwe usikivu wake na ukuaji wake wa lugha na mwenendo. Kujitaja kwa "anataka" katika umri huo, kuziba masikio penye kelele na kuwakwepa wenzake ni dalili zinazoonekana pia kwa watoto wenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu, na baadhi yake kwa watoto wasiosikia vizuri. Usonji hauletwi na kufungiwa ndani, wala na uzembe wa mama, wala na mkono wa mtu. Mtoto anaweza kuwa na usonji na wakati huo huo akawa amenyimwa watu, na hapo atahitaji kusaidiwa kwa yote mawili. Kwa hiyo namwomba baba yake asisubiri. Haya nitakayoyaeleza chini yatamfaa mtoto, daktari aseme hivi au aseme vile.

Mtoto hujijua kwa kuitwa na kuitikiwa. Hazaliwi akiwa na picha yake mwenyewe kichwani; anaipata kutoka kwenye nyuso na sauti za watu wanaomjibu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aitwaye Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache tu wawatazame kwa uso mkavu usioonyesha lolote. Mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka alianza kutabasamu ili amrudishe mama yake, akanyoosha mikono, akatoa sauti, na alipoona haitikiwi akageuza uso pembeni na kunyong'onyea. Zilikuwa dakika chache, na mama alikuwa amekaa mbele yake. Mjukuu wako amekaa miaka na sauti zinazosema bila kumjibu.

Tazama, Mama, lile neno "nataka" linalompiga chenga. Hakuna mtu anayemwita mtoto kwa "ni". Mama humuuliza "unataka maji?", na mtoto inambidi aigeuze ile "u" iwe "ni" kinywani mwake ndipo ajibu "nataka". Mgeuzo huu hafundishwi kwa kanuni. Anaupata kwa kupokezana maneno na mtu mara maelfu, na watoto wengi huwa wameushika wanapofikisha miaka mitatu hivi. Televisheni husema mchana kutwa, lakini haimsemeshi yeye wala haisubiri jibu lake, na humo ndani watu husemwa tu: anakimbia, anataka, anaanguka. Mtoto aliyelelewa na sauti hizo sishangai akijisema kama mtu anayetazamwa kwa mbali. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ushauri huo mara nyingi huelezwa kama suala la macho na unene. Mimi nauona zaidi kama suala la saa ambazo mtoto hakujibiwa na mtu.

Kisa kinachotajwa sana katika vitabu ni cha msichana wa California, Marekani, ambaye watafiti walimwita Genie ili kulificha jina lake halisi. Alipogunduliwa mwezi Novemba 1970 alikuwa na miaka 13, na karibu maisha yake yote baba yake alikuwa amemfungia chumbani, mchana akifungwa kwenye kiti, na watu wa nyumbani wakikatazwa kuzungumza naye. Baadaye alijifunza maneno mengi, lakini "mimi" na "wewe" viliendelea kumchanganya; aliweza kusema maneno yenye maana ya "Mama anakupenda" huku akijionyesha yeye mwenyewe kwa kidole. Mjukuu wako hakutendewa ukatili wa namna hiyo, na tafadhali usimlinganishe naye. Nimemtaja kwa sababu ya kile kidole. Alijua kwamba kuna anayependwa, na alijua kwamba ni mwili ule pale, ila njia ya kufika kwenye "mimi" haikuwahi kukanyagwa na watu wawili wanaozungumza.

Jambo hili limeonekana hata kwa wanyama walio karibu nasi. Mwaka 1970 Gordon Gallup, pia wa Marekani, aliwapaka sokwe alama nyekundu usoni walipokuwa wamelazwa kwa dawa, na walipozinduka na kujiona kwenye kioo waligusa alama hiyo kwenye nyuso zao wenyewe, ishara kwamba walijua aliyemo kiooni ni nani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliripoti kwamba sokwe waliolelewa peke yao, bila wenzao, hawakufanya hivyo. Kioo kilikuwa kile kile na macho yalikuwa mazima, lakini kumbe kujitambua kunahitaji uwe umewahi kutazamwa na mwenzako. Nakuomba tu usiende kumpima mjukuu wako kwa kioo. Watoto wengi wa vijijini Kenya walipopimwa kwa njia hiyo walisimama tuli wakijitazama bila kuigusa alama, na si kwamba hawakuwa wakijijua. Mazoea yao na mtihani ule vilikuwa tofauti na vya watoto wa Marekani.

Sasa tufanye nini? Dawa ninayoiamini kuliko zote ni ile ambayo bibi zetu hawakuiita dawa: kumtuma mtoto. Chukua kikombe, umshike mkono, mwende pamoja nyumba ya pili kuomba chumvi. Mlangoni mtaulizwa, "Huyu nani? Katumwa na nani?" Siku ya kwanza jibu wewe. Siku ya tatu au ya nne nyamaza kidogo, umpe nafasi. Iko siku atasema kwa sauti ya chini, akitazama kikombe, "Bibi." Hilo ni jibu kamili, na jirani aliyeandaliwa vizuri atamwitikia, "Aa, mjukuu wa mama fulani! Karibu." Katika maneno hayo machache mtoto amepewa jina, amepewa ukoo, amepewa kazi, na ametambuliwa na mtu ambaye si wa nyumbani kwake. Kesho atakwenda tena, na mlango utakuwa unamjua.

Usimkusanyie watoto kumi kwa mpigo. Mtafutie mmoja, mtulivu, wa umri wake au mdogo kidogo, wakae karibu wakifanya kitu cha mikono, kama kuchambua maharage au kuwapa maji vifaranga, bila kulazimishwa kuzungumza. Shikamoo pia usimlazimishe mbele ya watu. Wewe msalimie kwanza kwa jina lake, taratibu, kila asubuhi, na ule utani wa bibi na mjukuu, wa kumwita "mume wangu", usiuache, kwa sababu ni njia ya zamani ya kumwambia mtoto kwamba nafasi yake kwako haina mtu mwingine wa kuijaza. Anaposema "anataka maji", usimcheke wala usimkaripie, mpe kikombe na useme, "Unataka maji? Sema, nataka maji," kisha umpe hata kama hakusema.

Mwezi mmoja hautatosha. Zungumza na mwanao na mkwe wako bila kuwashutumu, kwa maana walifunga geti kwa hofu, katika mji ambao hawakuwa na shangazi wala mjomba wa kumwachia mtoto. Wamtafutie darasa la awali ambalo halijajaa, wamjue angalau jirani mmoja mwenye watoto, na wajitahidi dada anayemlea asibadilike kila msimu. Na dada huyo pia tumfikirie. Mara nyingi ni msichana mdogo aliyetoka kijijini, naye amefungiwa humo humo, hana wa kuzungumza naye. Akipewa ruhusa ya kutoka na mtoto kila jioni hadi dukani, mtafungua mlango kwa wawili.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu kijana wa shule ya msingi, wilayani Bahi. Tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watoto wa kuanza shule, nilikuta msichana wa miaka kama 10 ambaye hakuandikwa popote. Hatembei, mikono yake imekakamaa, na hasemi maneno. Analala katika chumba cha ndani cha tembe, chenye tundu moja dogo la mwanga. Mama yake anamlisha na kumwogesha vizuri, sikuona kidonda hata kimoja, lakini majirani humwita "yule wa ndani", na hata wadogo zake humwita hivyo hivyo. Nilipochuchumaa nikamsalimia, alinitazama kwa muda mrefu kisha akageukia ukuta. Je, mtoto kama huyu anajua kwamba yeye ni mtu miongoni mwa watu? Na kwa umri wake, hatujachelewa? (Mwalimu, Bahi)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umejijibu nusu ya swali bila kujua. Alikutazama kwa muda mrefu, yaani alipima kwamba wewe si mama yake wala si wadogo zake, ndipo akageuka. Anayefanya hivyo anajua tofauti kati ya wake na mgeni. Hali uliyoieleza inafanana na mtindio wa ubongo, ingawa atakayesema hivyo kwa uhakika ni daktari, na katika hali hiyo kinachokwama kwanza ni uwezo wa ubongo kuiongoza misuli. Watoto wengi wa namna hiyo wanaelewa zaidi kuliko wanavyoweza kusema. Kwa miaka 10 amekuwa akisikia kila linalosemwa uani, na katika yote hayo, jina lake halikuwemo.

Kuhusu kuchelewa, nitakueleza ukweli ulivyo. Baada ya utawala wa Ceauşescu kuanguka Romania mwaka 1989, ulimwengu uligundua kwamba watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wakilelewa katika vituo vya serikali, wengi wakikaa vitandani kutwa, wakilishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu bila mtu wa kuzungumza nao. Kuanzia mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa kulelewa katika familia. Waliotolewa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi walipata nafuu kubwa zaidi, katika akili na katika uwezo wa kushikamana na mlezi. Kwa hiyo umri una uzito, na asiyetaka kulisema hilo anawadanganya wazazi wenye watoto wadogo wanaosubiri. Lakini uangalie pia tofauti: watoto wale hawakuwa na mtu wao, na msichana huyu ana mama ambaye amemgusa kila siku kwa miaka 10. Hajaanza kutoka sifuri.

Halafu kuna mvulana ambaye simsahau. Mwezi Januari 1800 kusini mwa Ufaransa, katika eneo la Aveyron, mvulana wa miaka kama 12 aliyekuwa akiishi msituni alifika kwenye makazi ya watu, hana lugha, hana jina. Daktari kijana wa Paris, Jean Itard, alimfundisha kwa miaka kama mitano. Aligundua kwamba kati ya sauti zote, mtoto aligeuka aliposikia "o", basi akamchagulia jina lenye mlio huo katika silabi yake ya mwisho, Victor. Hakujifunza kuzungumza, ni maneno machache tu yaliyomtoka. Lakini mama aliyemtunza, Madame Guérin, alimpa kazi ya kuandaa meza. Mume wa mama huyo alipofariki, Victor aliweka sahani yake mezani kama kawaida, na alipomwona mjane akilia, akaiondoa mwenyewe na kuirudisha mahali pake, wala hakuiweka tena. Mtoto ambaye wataalamu wengine walikuwa wamesema hana akili kabisa alijua nani yupo, nani hayupo, na chozi lile ni la nani. Hakuwahi kusema "mimi", lakini nafasi yake mezani aliijua, na za wengine alizijua.

Kwa hiyo, mwalimu, anza na jina. Muulize mama yake alimpa jina gani siku alipozaliwa, maana hakuna mama asiyempa mtoto jina, kisha ulitumie wewe, uwaombe wadogo zake walitumie, na ukisikia jirani akisema "yule wa ndani", sema jina. Pili, atoke nje. Mama anaweza kuona aibu, au akaogopa maneno ya watu, na usimwendee kwa amri. Mwende na mtu anayemheshimu, labda bibi wa ukoo au muuguzi wa zahanati. Jioni jua likipungua awekwe chini ya mti penye shughuli, ameegemezwa vizuri, wadogo zake wakiwa karibu. Wenzake watamkodolea macho kwa siku chache. Wakiona wewe unamsalimia na kumsubiri, nao watasubiri, na utaanza kugundua ana njia yake ya kusema ndiyo: kufumba macho, labda, au kugeuza kichwa. Ukishaijua, wafundishe wote.

Upande wa ofisi nao usiuache. Mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kijiji, na ukikwama piga 116, namba ya simu ya watoto isiyotozwa malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake na ndugu zake wa ukoo, na haikumtoa mtoto asiyetembea. Cheti cha kuzaliwa kisicheleweshwe, kwa sababu mtoto asiyeandikwa popote ni rahisi kuachwa ndani kwa mara ya pili, safari hii na serikali. Na fuatilia katika halmashauri shule zenye kitengo cha elimu maalumu. Kama iliyo karibu ni ya bweni, tafadhali msikimbilie kumpeleka huko kabla hajatambuliwa na kijiji chake mwenyewe. Barua inayofuata inaeleza kwa nini.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 20 mwenye ualbino. Mwaka 2010, nikiwa na miaka mitano, nilipelekwa kwenye kituo cha bweni nje ya mkoa kwa sababu ya usalama wangu. Mama alikuja kuniona mara mbili, kisha hakuja tena. Nimemaliza kidato cha nne na nimerudi kijijini kwetu Chamwino. Wazee wananisalimia "Mbukwa" na sijui kuitikia. Wadogo zangu niliowaacha hawajazaliwa wananiita "mgeni". Bwenini nilikuwa "mtoto wa kituo", hapa ni mgeni. Usiku najiuliza mimi ni nani hasa. Je, Kigogo nilichokisahau kinaweza kurudi, na je, mama yangu ni mama yangu? (Kijana, Chamwino)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulipelekwa kituoni katika kipindi ambacho taarifa za mauaji ya watu wenye ualbino, hasa za mwaka 2007 na 2008, zilikuwa zimewajaza wazazi hofu, na ukiwa na miaka mitano hukuweza kuelewa kwamba kufichwa kunaweza kuwa upendo. Ulichokielewa ni kwamba umetolewa. Yote mawili ni kweli, na huna haja ya kulifuta moja ili ulikubali lingine. Ninavyoona mimi, kosa kubwa lilifanyika baadaye: watoto wengi walilindwa miili, na hakuna aliyepewa kazi ya kuilinda ile kamba iliyowaunganisha na kwao, kwa barua, kwa nauli ya mama, kwa simu ya Jumapili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika ibara ya 8 unataja jina, uraia na uhusiano wa kifamilia kuwa sehemu ya utambulisho wa mtoto. Na mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wapo wazazi waliolalamika. Mimi nilifurahi.

Kigogo chako hakijafutika chote. Mwaka 2014 watafiti wa Montreal, Canada, waliwapima wasichana waliozaliwa China, wakaasiliwa wakiwa wachanga na familia zinazozungumza Kifaransa, wasijue tena neno moja la Kichina. Waliposikilizishwa toni za Kichina, ubongo wao uliitikia kama wa watu wanaokizungumza. Wao walitengana na lugha yao wakiwa hawajaanza kuisema, au ndiyo kwanza wanaanza. Wewe ulikisema Kigogo kwa miaka. Kitarudi kwanza kama sauti unayoielewa kabla ya kuweza kuijibu, na usikikimbie kwa sababu unaona aibu.

Kuhusu mama yako, siwezi kukusemea kwa nini hakurudi. Muulize, lakini usianzie hapo. Anzia mbali: nilizaliwa mchana au usiku, nani alikuwepo, jina langu alilitoa nani, nilipenda kula nini kabla sijaondoka. Umuulize akiwa na kazi mikononi, akichambua mlenda au akipepeta uwele, kwa sababu maneno mazito hutoka kwa urahisi mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa chini. Wewe ukae kivulini, umevaa kofia yako, usaidie. Swali la kwa nini hakuja tena linaweza kujibiwa siku hiyo au mwaka ujao. Kila atakachokukumbusha ni kipande chako alichokuwa akikitunza, na kwa kukitoa atakuwa anakujua upya naye pia. Wadogo zako waeleze jina lako, na uwe wa kwanza kuwaita kwa majina yao.

Kesho asubuhi mzee wa kwanza atakayepita na kukuambia "Mbukwa", usiinamishe kichwa. Mwambie, "Babu, nifundishe kuitikia." Atasimama. Atakufundisha, utakosea, atacheka na kurekebisha, itikia tena.